Tumbawe Limepauka au Limechunika? Jinsi ya Kuliokoa Kwenye Tangi la Nyumbani

Mtu akiona weupe kwenye tangi lake la matumbawe, mkono hukimbilia chupa ya dawa. Iache kwanza. Weupe huo una asili mbili, na kinachofaa kwa mmoja huweza kuua mwingine. Tumbawe lililopauka lingali hai: nyama ipo, ila imepoteza vimwani vidogo vinavyoishi ndani yake, vinavyoilisha na kuipa rangi. Unachokiona ni kiunzi cha chokaa kikionekana kupitia nyama iliyobaki angavu. Tumbawe lililochunika limepoteza nyama yenyewe. Palipo peupe pamekufa, na swali lililobaki ni kama sehemu iliyo hai itafuata.

Lililopauka linataka kivuli, chakula na subira ya wiki au miezi. Lililochunika, kama linachunika kwa kasi, linataka koleo leo hii, si kesho. Ukikosea kutambua, utalikata tumbawe lililohitaji kupumzishwa tu, au utakaa ukilingojea lingine ambalo halina saa 24 za kuishi.

Mwongozo huu unamlenga mwenye tangi la lita 100 hadi 500 hivi, matumbawe mchanganyiko na vifaa vya kawaida. Nimefikiria zaidi nyumba za joto, Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar, Maskati, ambako kazi kubwa ni kuyapoza maji. Aliyeko London au Toronto atahangaika na hita badala ya feni. Mengine ni yale yale.

Hatua ya kwanza: jua unachokitazama

Usitoe hukumu mchana, taa za buluu zikiwa zimewaka. Rangi chini ya buluu hudanganya. Ngoja usiku, taa za tangi zikae zimezimwa walau saa moja, kisha chukua tochi nyeupe na kioo cha kukuzia. Mulika kwa mshazari, si kwa kuelekeza tochi moja kwa moja.

Nyama hai hung'aa kwa unyevunyevu wa ute. Utaona midomo ya polipu, yaani vijinyama vidogo vinavyounda tumbawe, na mara nyingi minyiri imetoka kutafuta chakula, hata kama tumbawe zima ni jeupe. Kiunzi kilicho wazi hakina mng'ao huo. Vikombe vyake vina kingo kali na kavu, na ndani ya siku chache huanza kuota utando wa kijani au kahawia, kwa sababu mwani hauoti juu ya nyama hai bali hukimbilia chokaa iliyoachwa wazi. Kwa hiyo ukiwa na shaka na hali haibadiliki kwa haraka, siku tatu nne za kungoja hukupa jibu: palipoota utando pamekufa, palipobaki peupe safi huenda pangali pazima.

Tazama pia mpaka. Kupauka kwa kawaida hufifia polepole, rangi ikipungua kuelekea upande unaopigwa na taa, huku upande wa kivulini ukibaki na rangi yake. Kuchunika kuna mpaka mkali: hapa rangi kamili, milimita moja mbele chokaa tupu. Wakati mwingine kwenye mpaka huo utaona nyama ikining'inia na kupeperushwa na mkondo.

Kuna weupe ambao si ugonjwa. Ncha za matawi ya Acropora na ukingo wa sahani ya Montipora huwa nyeupe pale zinapokua. Tumbawe lenye ncha nyeupe na polipu zilizotoka vizuri usiliguse.

Piga picha taa nyeupe ikiwa imewaka, kutoka mahali pale pale, kila asubuhi na kila jioni. Bila picha utajidanganya. Mpaka ukisogea kwa saa, huo ni mchuniko wa haraka, ule ambao wafugaji huuita RTN. Ukisogea milimita chache kwa wiki ni mchuniko wa polepole, STN, na una muda wa kufikiri.

Hatua ya pili: moja au mengi?

Kabla ya kupima chochote, hesabu wagonjwa. Swali hili peke yake hufupisha uchunguzi kwa nusu.

Kama matumbawe mengi ya aina tofauti, yaliyo sehemu tofauti za tangi, yameanza kuharibika kwa wakati mmoja, tatizo liko kwenye maji, joto, au taa iliyobadilishwa. Kama ni moja tu, na majirani wake wana afya, sababu iko hapo hapo lilipo: mwanga mkali kuliko lilivyozoea, mkondo hafifu unaoacha uchafu ukikaa chini yake, mdudu anayelila, samaki anayelidonoa, au jirani anayelichoma. La mwisho husahaulika sana. Galaxea na Euphyllia hutoa minyiri mirefu ya vita usiku, na mfugaji aliyelala hajawahi kuiona. Jeraha la namna hiyo huwa upande mmoja tu, upande unaomwelekea jirani. Dawa yake ni nafasi: acha sentimita 15 kati yao, na kwa Galaxea acha zaidi.

Hatua ya tatu: pima, kwa utaratibu huu

Anza na joto, kwa vipimajoto viwili tofauti. Kimoja kikisoma 26 na kingine 29 umeshapata habari muhimu. Tangi la matumbawe hukaa vizuri kati ya nyuzijoto 24 na 27. Mtu wa pwani atauliza: mbona bahari yetu hufika 29 na 30 na matumbawe yapo? Tumbawe huhesabu joto kulingana na lilivyozoea. Idara ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, huanza kuhesabu hatari pale maji yanapozidi kwa nyuzi 1 tu wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote katika eneo husika, kisha hujumlisha ziada hiyo wiki kwa wiki. Jumla ikifika 4 wanatarajia kupauka kwingi, ikifika 8 wanatarajia vifo. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, wakati wa El Niño, Bahari ya Hindi magharibi ilipopata joto kupita kiasi na miamba mingi ya Kenya na Tanzania ikapauka na kufa. Kwa hiyo tangi lililozoea 25, likikaa kwenye 29 mwezi mzima wa Februari, litapauka bila kuwa na hata siku moja ya kutisha.

Halafu chumvi. Lengo ni 35 kwa elfu, yaani uzito linganifu wa karibu 1.026. Rifraktomita (vifaa vinavyopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini) za bei nafuu huhama bila kukuambia, na kuisawazisha kwa maji matupu hakutoshi kwa sababu kosa lake hukua kadiri chumvi inavyopanda. Kama huna maji maalumu ya kusawazishia, pima gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani, uziyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji safi yaliyochujwa. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35, kwa hiyo kifaa kisome 35. Kisiposoma, rekebisha skrubu.

Cha tatu ni ualikali, yaani akiba ya kaboneti majini, kipimo kinachosomwa kwa digrii zinazoitwa dKH. Bahari yenyewe ina karibu 7. Tangini weka kati ya 7.5 na 9. Hapa namba yenyewe si muhimu kama utulivu wake. Tumbawe la 7.5 isiyobadilika lina afya kuliko la 9 inayoruka hadi 11 na kurudi. Na kama fosfeti na naitreti ziko karibu na sifuri, ualikali wa juu huunguza ncha za Acropora: kiunzi kinasukumwa kukua, nyama haina lishe ya kukifuata.

Hapo ndipo tunafika kwenye naitreti na fosfeti. Wafugaji wengi wamefundishwa kuzichukia hizi mbili, na ninaamini chuki hiyo imeua matumbawe mengi kuliko uchafu wenyewe. Naitreti kati ya 2 na 10, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, zote kwa miligramu kwa lita, ni chakula. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba matumbawe yenye naitrojeni nyingi huku yakikosa fosfeti hupauka kwa urahisi zaidi yanapopata joto na mwanga mkali. Kama kipimo chako cha fosfeti kinasoma sifuri na una kichujio cha kuondoa fosfeti kinachofanya kazi usiku na mchana, umepata mtuhumiwa. Kitoe.

Amonia pima kama kuna samaki au konokono aliyekufa, au tangi likinuka. Kalisi karibu 420 na magnesi karibu 1300, kwa kipimo hicho hicho cha miligramu kwa lita, zinaweza kusubiri kesho. Hizo hazichuni tumbawe kwa usiku mmoja.

Hatua ya nne: nini kilibadilika nyumbani?

Rudi nyuma wiki mbili. Taa mpya, au taa ya zamani iliyosafishwa kioo. Kaboni ya kuchujia maji iliyowekwa nyingi kwa mkupuo: maji yaliyokuwa na umanjano huwa meupe ghafla, mwanga unapenya kuliko jana, na tumbawe la chini linapauka ilhali hukugusa taa hata kidogo. Dawa ya samaki yenye shaba. Sumaku ya kusafishia kioo iliyopasuka na kuota kutu ndani ya maji. Chumvi ya chapa mpya.

Halafu dawa ya mbu ya kupulizia, ambayo kwa nyumba zetu naiweka mbele ya nyingine zote. Skima, mashine inayotoa uchafu majini kwa povu, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuisaga ndani ya maji, hivyo kinachopuliziwa sebuleni kinaishia tangini. Kamba na kaa wakianza kufa pamoja na matumbawe, uliza nani alipulizia nini. Rangi ya ukutani na dawa kali za kusafishia sakafu ziko kwenye kundi hilo hilo. Mikono yenye losheni au kitakasa mikono isiingie majini.

Kwa wanaochota maji ya bahari: yakichotwa wakati wa masika, karibu na mdomo wa mto au bandari, huwa yamepungua chumvi na yamebeba kila kilichosombwa kutoka bara. Chota maji yakiwa yamejaa, wakati wa bamvua ikiwezekana, mbali na mito na mitaro, na upime chumvi kila ndoo.

Ukihisi sumu, weka kaboni mpya mahali maji yanapopita kwa nguvu, na badilisha asilimia 15 hadi 20 ya maji. Lakini pima ualikali wa maji mapya kwanza. Baadhi ya chumvi za dukani huchanganyika na kutoa dKH 11 au zaidi, na ukiyamwaga kwenye tangi la 7.5 unaongeza jeraha juu ya jeraha.

Rekebisha kitu kimoja, polepole. Joto lishuke kama nyuzi 1 kila baada ya saa mbili tatu. Chumvi ipande au ishuke si zaidi ya 1 kwa siku. Ualikali usizidi 0.5 hadi 1 kwa siku. Gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu zikiyeyushwa kwenye maji safi hupandisha dKH 1 kwenye lita 100. Tumia ile safi ya kuokea. Magadi ya ziwani yana mchanganyiko wa vitu vingine, na hamira ya unga (baking powder) ina asidi na wanga. Zote mbili ziache jikoni.

Tumbawe lililopauka: kivuli na kijiko

Hata kama kilichosababisha ni joto, tiba huanza na taa. Joto huvuruga mashine ya vimwani ya kutengeneza chakula. Mwanga ukiendelea kuvipiga, huzalisha oksijeni yenye madhara inayoiunguza nyama, ndipo tumbawe huvifukuza. Vilivyobaki vichache havina kinga. Punguza nguvu ya taa kwa asilimia 30 hadi 50, au lishushe tumbawe chini polepole. Nani ana kifaa cha kupima PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao vimwani wanaweza kuutumia, nyumbani? Wachache. Kama unacho au unaweza kuazima, Acropora lenye afya huishi kwenye 200 hadi 350, Euphyllia na jamaa zake kwenye 50 hadi 150. Aliyepauka mpe nusu ya hapo.

Taa yako kama haina kidhibiti, chukua wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, kata vipande vinne, uvitandaze juu ya tangi kwa tabaka. Rangi ikianza kurudi, ondoa tabaka moja kila wiki. Ni mbinu ya gharama ndogo na naipenda kuliko kuhamisha tumbawe huku na huko, maana kila kuhamisha ni mkondo mpya, mwanga mpya, na mkono mwingine juu ya nyama dhaifu. Usilizimie taa kabisa. Giza la siku nyingi huvinyima vimwani vilivyobaki nafasi ya kuzaliana.

Kuhusu kupoza: feni ndogo inayopuliza juu ya maji huweza kushusha nyuzi 2 hadi 3, kwa njia ya uvukizi. Nairobi inafanya kazi vizuri. Dar mwezi Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu, itashusha kidogo, na hapo utahitaji kiyoyozi cha chumba au mashine ya kupozea maji. Kumbuka kwamba kinachovukiza ni maji matupu, chumvi inabaki. Jazia kwa maji safi yaliyochujwa, si ya bahari, kila siku, la sivyo utatibu joto na kuleta ugonjwa wa chumvi.

Sasa chakula. Vimwani hulipatia tumbawe sehemu kubwa mno ya nguvu zake, kwa hiyo lililopauka lina njaa. Uwezo wa kujilisha kwa minyiri hutofautiana: mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba Montipora capitata ya Hawaii, ikipauka, huweza kula na kukidhi mahitaji yake yote ya nguvu, wakati Porites walizolinganisha nazo zilitegemea akiba ya mwilini. Maana yake tangini ni hii: yenye vinywa vikubwa walishe kwa mkono, zenye polipu ndogo walishe kwa vumbi laini la chakula, na usikate tamaa kama aina fulani haili.

Fanya jioni, taa zikiwa zimefifia. Zima pampu za mkondo kwa dakika 15 hadi 20. Kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, dondosha kamba wadogo waliogandishwa, wakiwa wameyeyushwa na kuoshwa, juu ya minyiri. Atemia (vijikamba vidogo sana vya kulishia) walioanguliwa karibuni ni bora zaidi kwa vinywa vidogo. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Samaki wakipora, funika tumbawe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako hadi limeze. Kipande kikibaki bila kuliwa kiondoe, kitaoza juu ya nyama.

Rangi ya kwanza kurudi si ile nzuri uliyoizoea bali hudhurungi, na huanzia chini au kwenye pande za kivulini. Ni dalili njema, hata kama tumbawe lililokuwa zambarau sasa linaonekana kama gogo. Vimwani vinarudi kwanza, rangi za mapambo baadaye. Baada ya hapo ndipo upandishe taa, asilimia 10 kwa wiki, usizidishe. Dalili mbaya ni midomo inayobaki wazi mchana kutwa, nyama inayozidi kuwa nyembamba hadi meno ya kiunzi yakaonekana kutoboa, na ukingo unaorudi nyuma. Hapo kupauka kumegeuka kuchunika.

Tumbawe linalochunika haraka: kata

Ukiona Acropora iliyokuwa nzima asubuhi imevuka theluthi kuwa kiunzi jioni, hakuna dawa ya kumwaga tangini itakayokimbia kuliko huo mpaka. Kinachookolewa ni vipande.

Kwanza jilinde. Vaa glavu na miwani. Zoanthus na hasa Palythoa, jamaa wa matumbawe wasio na kiunzi, wanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno kwa binadamu. Usizichemshe kamwe, usizikate kwa msumeno wa kurusha chembe, usizisugue kwa maji ya moto, na kama una jeraha mkononi mpe mwingine kazi hiyo.

1. Andaa beseni mbili za maji ya tangi lenyewe, za joto lile lile. Moja ya dawa, nyingine ya suuza.
2. Kata kwa plaizi kali au mkasi wa mifupa, sentimita 1 hadi 2 ndani ya nyama yenye afya, usikate kwenye mpaka. Tawi lenye polipu zilizofungwa kabisa lihesabu kuwa limeshaguswa. Chukua vipande kadhaa kutoka pande tofauti za tumbawe, maana hujui ni upi utashika.
3. Chovya kwenye dawa ya matumbawe yenye iodini, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa kawaida dakika 10 hadi 15. Usiongeze kipimo kwa hofu. Suuza. Maji ya dawa yamwage nje.
4. Bandika kila kipande kwenye jiwe dogo kwa gundi ya supaglu ya jeli, ukifunika jeraha lote la chini.
5. Viweke mahali penye mkondo mzuri usio wa kupiga upande mmoja, na mwanga wa wastani. Vitawanye. Ukiwa na tangi la pili, viwili vipeleke huko.

Kama zaidi ya nusu ya tumbawe mama imekufa, litoe lote. Nyama inayooza huchafua maji ya wengine. Baada ya hapo usiguse vipande kwa wiki mbili.

Kuna wanaomwaga antibiotiki za binadamu ndani ya tangi kuu. Sikushauri. Bakteria wanaosafisha amonia yako wamo humo humo, na kuzoesha vijidudu dawa za hospitali ili kuokoa pambo si biashara nzuri.

Ute wa kahawia

Huu una sura yake, na huwapata hasa Euphyllia na Goniopora. Kichwa kimoja kinasinyaa, kisha kinafunikwa na ute wa kahawia unaoelea, wenye harufu mbaya ukitolewa majini. Umejaa vijidudu vinavyokula nyama, na huambukiza jirani kwa kupeperushwa.

Zima pampu zote kwanza. Kisha nyonya ute kwa mpira mwembamba kuelekea ndoo, tumbawe likiwa bado mahali pake, kabla hujalinyanyua; ukilinyanyua kwanza utausambaza. Halafu liingize kwenye bakuli chini ya maji na ulitoe pamoja na bakuli. Kwa Euphyllia ya matawi, kata kichwa kilichougua na shina lake, chini ya pale nyama hai ilipoishia, usiache hata kidogo. Chovya lililobaki kama hapo juu. Ile ya aina ya ukuta, isiyo na matawi, ni ngumu zaidi kuokoa. Ikate kwa msumeno mwembamba wenye maji ukiwa tayari kuipoteza.

Linalochunika polepole

Likianzia chini na kupanda milimita chache kwa wiki, fikiria kwanza utulivu wa ualikali, fosfeti ya sifuri, na mkondo usiofika kwenye kitako. Ukirekebisha hayo, mpaka husimama wenyewe mara nyingi. Unaweza pia kupaka gundi ya jeli juu ya mpaka, ukifunika milimita chache za nyama hai na chokaa iliyo wazi; wakati mwingine hiyo inatosha kuuzuia.

Lakini chunguza wadudu kabla hujaridhika. Minyoo bapa ya Acropora huiga rangi ya tumbawe na haionekani hadi uipulizie maji kwa nguvu kwa bomba. Alama zake ni madoa ya mviringo yaliyofifia, na mayai ya kahawia kwenye chokaa ya kitako. Montipora ina konokono wake mweupe asiye na gamba, mdogo sana, anayekaa upande wa chini wa sahani karibu na mpaka. Dawa ya kuchovya huwaua wakubwa, haiui mayai. Kwangua mayai yote, kata kitako chote kilichokufa, na rudia kuchovya kila wiki kwa wiki sita.

Umeme ukikatika

Matumbawe hayafi kwa kukosa taa siku moja. Hufa kwa kukosa oksijeni, maji yakiwa yamesimama na joto. Pampu ya hewa ya betri, au pampu moja ya mkondo kwenye inveta, ndiyo ya kwanza kununuliwa. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Usilishe. Joto likipanda, weka zielee ndani ya maji chupa za maji ya barafu zilizofungwa vizuri, moja moja.

Umeme ukirudi, kichujio cha kopo kilichofungwa kimekaa na maji yasiyo na hewa kwa saa nyingi. Mwaga maji hayo kabla ya kukiwasha, usiyaruhusu yarudi tangini. Taa ziwashe kwa nusu ya nguvu siku hiyo.

Kuziba pengo

Usiende mwambani kubandua jingine. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa, na kuyachukua ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia, Malindi au Kisite ni kosa pia. Tafuta vipande vilivyokuzwa matangini. Vimezoea taa za bandia, mara nyingi ni nafuu kuliko vya porini, na huja kwenye kijiwe kidogo unachoweza kukichunguza pande zote.

Kila kipande kipya kikae peke yake kwenye tangi dogo la karantini kwa wiki sita, muda ambao mayai ya wadudu wengi yatakuwa yameanguliwa na kuonekana. Kitoe kwenye kijiwe kilichokuja nacho, maana mayai hujificha kwenye nyufa za chini, na ukibandike kwenye kipya. Chovya siku ya kwanza, ya saba na ya kumi na nne. Ukikihamishia tangi kuu, kianzie sakafuni, halafu kipandishe ngazi moja kila wiki hadi kifike mahali ulipokusudia.